Chembe Zilizokataa Kutulia

"Dada, unanunua au unahoji?" muuza mahindi wa soko la Uyole alikuwa amechoka.

"Nauliza tu. Punje za gunzi moja, mbona rangi mbalimbali?"

"Jeni," ilijibu sauti nyuma yake. "Kila punje na urithi wake."

Severina aligeuka. Kijana mrefu, suruali ya bugaluu ya kahawia, tabasamu pana. Alikuwa Bujiku, Msukuma wa Usangu, mtafiti wa mbegu katika kituo cha kilimo palepale Uyole.

"Na urithi wako ni kudakia maneno ya watu?"

"Ya wazuri tu."

Severina alicheka. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mzaliwa wa Kihesa, Iringa, aliyekuja Mbeya kumsalimia dada yake. Hadi likizo inakwisha, walikuwa wamependana.

Mwaka uliofuata Severina alimpigia simu kutoka posta ya Iringa.

"Baba alipasuliwa kichwa, uvimbe ukatolewa. Sasa umeota upande wa pili wa ubongo. Chembe za uvimbe zilihama, Bujiku. Kwa nini?"

Bujiku alitaka kumfariji, akakosea. "Mpenzi, mbegu ikishakuwa mbaya..."

"Mbegu? Ukoo wetu ndio mbaya? Basi katafute mke kwenye ukoo mzuri!"

Simu ikakatwa.

Jumamosi Bujiku alishuka basi Iringa, akapanda Kihesa kwa miguu. Mzee Liberatus alikuwa anaota jua barazani, blanketi magotini, mkono wa kushoto umekufa.

"Umekuja kukagua mbegu?" Severina aliuliza, amesimama mlangoni.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikusudia chembe, si ukoo. Kila chembe ya mwili ina jeni zilezile, ila nyingine zimeamshwa, nyingine zimelazwa. Ndiyo maana jicho si ini."

Severina alikuwa na hasira bado, lakini swali lake la kwenye simu lilimvuta. "Mtoto akiwa tumboni," alisema taratibu, "chembe za ubongo husafiri, zikifika mahali pake zinatulia."

"Basi jeni za kusafiri bado zimo."

"Zimelala. Halafu kitu kinaziamsha. Kitu gani, Bujiku?"

"Sijui."

"Hata mimi. Hakuna aliyetufundisha." Akajikuta ameketi kando yake.

"Mkija kulijua jibu, mimi sitakuwepo," alisema mzee. "Kijana, una nia gani na binti yangu?"

"Kumwoa, mzee, akinikubali."

Severina alifuta machozi. "Namkubali. Ila iwe upesi, baba awepo. Masomo siachi."

Walifunga ndoa kabla ya mvua. Mzee Liberatus aliingia kanisani amemshika bintiye kwa mkono mzima. Ule uliokufa aliushika Bujiku.