Nani Anafuata?

Naomba radhi mapema: kisa hiki nitakiharibu. Nimezoea jukwaa, mahali ambapo hadithi ikikwama unaanguka, suruali inakuvuka, watu wanapiga makofi. Kwenye karatasi sina suruali ya kunivuka. Nivumilieni.

Mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, tumechekesha watu pamoja tangu enzi tulipokuwa na viuno. Kila mji ulitujua kwa kichekesho kimoja: yeye daktari, mimi mgonjwa. Anaita, "Nani anafuata?" Nami, popote nilipo, hata nikiwa chooni, naitikia, "Mimi hapa, daktari, kata popote!" Mwenzako akikurushia maneno, huyaachi yaanguke sakafuni. Ndiyo kanuni ya kazi yetu, na nimeishika kuliko nilivyoishika ndoa.

Mwanzo wa kiangazi cha mwaka jana tukaamua kupanda mlima. Wazo lilikuwa lake. Mlima wangu wa mwisho ulikuwa ngazi za ukumbi. Tulifika mchana, tukapiga hema karibu na kibao kinachoonyesha mwanzo wa njia, ili tuondoke mapema kesho yake. Jua zuri, theluji inayeyuka huko juu, kijito kinapiga kelele kama mawifi arusini. Mwongozaji wetu, mama mpole mwenye mabega ya mbeba magunia, alikuwa na tabia moja: hakuita mtu kwa mdomo. Chai ikiiva, aligonga kikombe kwa kijiko.

"Dada, sisi si kuku," nikamwambia.

Hakucheka. "Mwenzako nimemweleza pale getini. Atakwambia."

Jua lilipokaribia kuzama, binamu akaenda kuteka maji kijitoni. Alirudi na birika tupu. Uso umemparara kama aliyepakwa majivu.

"Vipi wewe?"

"Koo," akanong'ona. "Upepo."

Huyu ni mtu mwenye sauti ya kurudisha basi lililokwisha ondoka. Nikaingiwa na huruma. Nikamchemshia maji ya moto, nikamtilia asali, nikamfunga shingoni skafu yangu ya sufu, ile niliyofumiwa na mke wangu.

"Yule mama alikwambia nini getini?"

Akatazama pembeni. "Tusitupe takataka."

Kisha akanitazama mimi. Akanitazama sana, kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyemlisha kwa mkono wake.

Niliamka kulipopambazuka. Nafasi yake hemani ilikuwa tupu, blanketi bado lina joto. Nikatoka. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini. Mkono wangu mwenyewe niliuona kwa kuukisia. Nikainama kuwasha jiko la gesi.

Ndipo kule juu, upande wa mlima, mtu akaita.

"Nani anafuata?"

Ilikuwa sauti ya binamu. Nzima, nene, sauti ya kufika kiti cha mwisho ukumbini. Nikafurahi jamani, koo limepona. Mdomo ukafika kabla ya akili.

"Mimi hapa, daktari, kata popote!"

Jiko likashika moto.

Halafu kicheko. Ha. Ha. Ha. Kila kimoja mbali na mwenzake, kama cha kiumbe aliyeelezwa kucheka kukoje lakini hajawahi kusikia. Kikashuka. Kikakaribia. Njia yote ile ni changarawe, na hakuna kokoto hata moja iliyolia.

Kikafika usoni pangu. Baridi ikaniingia kinywani, ikashuka kooni, ikatoka.

Nikageuka nikimbie. Nyuma ya hema, amechuchumaa, alikuwepo binamu. Mikono yote miwili ameifumba mdomoni. Machozi yanamtoka.

Akaitoa mikono taratibu.

"Nisamehe," akasema. Kwa sauti yake. Ile ile. "Jana kijitoni niliitwa, nikaitika. Yule mama alishasema, usiitikie chochote kinachoita kutoka juu mpaka umwone mtu kwa macho. Ukiitika, sauti inakwenda. Hairudi mpaka aitike mwingine."

Nikafungua kinywa nimtukane. Nilikuwa nimeshachagua matusi mazuri sana, yasiyomgusa mama yake kwa kuwa ni shangazi yangu. Sauti haikutoka. Mnong'ono tu, kama wake wa jana.

Mwongozaji akatokea kwenye ukungu na kikombe mkononi. Alituangalia mmoja mmoja, mimi na koo nililolishika, yeye na machozi yake.

"Ulimwambia?" akamuuliza binamu kwa sauti ya chini.

Binamu akainama.

"Basi umemuuza." Akaanza kung'oa hema. Mlima hatukuupanda.

Madaktari wa kweli wamenichungulia koo, wanasema ni zima, zuri, la kuonyeshea wanafunzi. Binamu sasa yuko jukwaani peke yake. Daktari yeye, mgonjwa yeye. Shangazi ananisihi nisamehe, ndugu ni ndugu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba wakati mwingine nguo yenyewe utakuwa umemvisha wewe, tena ukamfunga fundo lisimlegee.

Juzi mwongozaji alinitumia sauti aliyoirekodi kwa simu, asubuhi, pale pale kambini. Kuna upepo. Kuna mtu anakoroga chai. Halafu, kwa mbali, naita mimi, nimenona kwa furaha: "Nani anafuata?" Ni sauti yangu, ningeijua kaburini. Lakini maneno yale yalikuwa ya daktari. Maishani mwangu sijawahi kuyatamka.

Ameniandikia kwamba huita kila asubuhi. Wageni wanasikia, wanatazamana, wanaendelea kunywa chai.

Binamu alinisaliti, hilo halina mjadala. Ila sauti yake ililala mlimani usiku mmoja tu, ikapata wa kuitikia. Yangu inaita mwaka wa pili huu, na hakuna hata aliyekohoa. Hapo nisimsingizie mtu. Tangu zamani, watazamaji walikuwa wakimjia yeye.