Vitundu vya Chini ya Mlango

Kila Jumamosi asubuhi mzee fundi cherehani aliosha gari lake. Lilikuwa gari kuukuu la buluu, limemzidi umri binti yake. Aliliosha taratibu kwa kitambaa laini. Kisha alilifunika turubai la nailoni mpaka kwenye magurudumu, akalifunga kamba.

"Mzee, hilo ni gari au bibi harusi?" majirani walimtania.

Zamani angewajibu, tena kwa maneno makali zaidi. Tangu mkewe afariki, alitikisa kichwa tu na kuingia ndani.

Kiti cha abiria hakukigusa. Kilikuwa kimelala nyuma kidogo, kama mkewe alivyokiacha. Marehemu alikuwa na pumu, na akiegemea hivyo alipumua vizuri zaidi.

Jumamosi moja alifungua mlango wa upande ule ili afute kioo. Kipande cha bati kikamdondokea mguuni. Alikiokota. Kilikuwa chekundu kwa kutu, kikavunjika mkononi mwake. Aliinama akatazama. Sehemu ya chini ya mlango ilikuwa imeliwa, mkono mzima unapita.

"Lo! Nimekwisha," alisema.

Mwaka jana aliona vipele vya kutu palepale. Alivipaka rangi juu, akadhani mambo yamekwisha.

Binti yake alikuwa uani, anamfulia nguo. Alikuja akatazama, akashusha pumzi.

"Baba, mkaguzi wa magari alishakwambia. Likiwa na tundu hata moja, haliingii tena barabarani. Mwite mtu wa chuma chakavu alichukue."

"Na kiti cha mama yako?"

Binti alirudi kwenye beseni lake, akafua nguo ileile mara mbili.

Mchana mzee alikwenda kwa jirani yao, fundi wa bodi za magari. Watu walimwita Nyundo. Alikuwa mtu wa maneno mengi na masihara, lakini kazi yake aliijua barabara. Alikuja, akalala chali chini ya mlango na kuuchungulia. Akachokonoa kwa bisibisi. Kikatoka kitu cheusi, chenye majimaji, kinanuka uvundo.

"Hiki nini, mzee? Umefuga panya?"

Mzee alikitambua. Kilikuwa kipande cha bitana, kitambaa anachoshonea ndani ya makoti.

"Niliziba mimi," alisema. "Kila mlango una vitundu chini. Vumbi lilikuwa likiingia garini, mke wangu anakohoa mpaka analia. Nikashindilia vipande vya nguo, nikamiminia nta ya mshumaa juu yake. Kwa ufundi wangu wote."

Nyundo aliacha masihara. Aliketi chini, akafuta mikono.

"Mzee wangu, sikiliza. Ukiosha gari, maji yanapita pembeni ya kioo, yanaingia ndani ya mlango. Mvua vilevile. Hayazuiliki. Vitundu hivi ndiyo njia yake ya kutokea. Umeiziba, tena kwa kitambaa kinachonyonya maji. Kutu imekula kutoka ndani, wewe unang'arisha nje."

"Na rangi niliyopaka?"

"Ukipaka rangi juu ya kutu, inaendelea kula chini kwa chini. Ikwangue kwanza kwa msasa mpaka chuma king'ae. Kausha. Paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo upake rangi ya kawaida. Na hili turubai la nailoni, litupe! Unafunika gari bichi, linatoka jasho usiku kucha. Liache milango wazi likauke, kisha funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Kapeti nazo, zinyanyue uzianike."

Mzee aliitikia kila neno. Nyundo akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango. Mpira wake ulikuwa mkavu, umepasuka pasuka.

"Vumbi lilikuwa likiingilia hapa," alisema. "Ungebadilishwa mpira huu tu, ingetosha."

Mzee aliugusa ule mpira uliopasuka.

"Kwa hiyo vile vitambaa havikumsaidia?"

"Niseme kweli?"

"Sema."

"Havikumsaidia, mzee. Lakini ulikuwa hujui."

Mzee aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika. Nyundo alisubiri.

Walifanya kazi wiki mbili. Mlango wa mkewe ulikatwa chini, ukachomelewa bati jipya. Milango mingine mitatu ilizibuliwa; ilikuwa na kutu ya juujuu tu, ikapona. Mzee mwenyewe alishika msasa, akakwangua mpaka vidole vikachubuka. Nyundo alipulizia mafuta ya kuzuia kutu ndani ya kila mlango, akafunga mipira mipya.

"Kila mwezi chokoa vitundu kwa kijiti cha ufagio," alimwagiza. "Ukiosha, uone maji yanatoka chini. Yasipotoka, kuna kitu kimeziba."

Mkaguzi alizunguka gari mara mbili, akagonga gonga milango, akalipitisha.

Siku iliyofuata mzee na binti yake walikwenda makaburini. Binti aliingia kiti cha nyuma, kama alivyozoea tangu utoto. Barabara ilikuwa ya vumbi tupu. Lori liliwapita, dunia yote ikawa nyekundu. Mzee alikunja uso, akasubiri kusikia kikohozi. Hakukuwa na kikohozi.

Alipitisha kidole juu ya dashibodi, akakitazama. Kilikuwa safi.

Alisimamisha gari pembeni. Alilia waziwazi, mikono yote miwili kwenye usukani, na binti yake akamshika bega kutoka nyuma. Alipotulia, alijifuta kwa mkono wa shati.

"Njoo ukae mbele, mwanangu," alisema. "Siku hizi vumbi haliingii."