Walioibwa Chini ya Gati

Farasi-bahari waliibwa asubuhi ileile ambayo tume ya serikali ilikuwa inakuja kuwaona. Hawakuwa mmoja wala wawili. Nguzo za gati la zamani, pale chini ya ngazi za mawe wapiga mbizi wanapoingilia majini, zilikuwa karibu zote tupu.

Inspekta alisimama kwenye ngazi ya juu, mbali na maji.

"Nieleze kama mtu asiyejua kuogelea."

"Kwani hujui, afande?" aliuliza Kocha, mwalimu wa wapiga mbizi, maji bado yakimchuruzika.

"Maji yangu mimi ni ya ndoo. Eleza."

Kocha akaeleza. Farasi-bahari ni visamaki vyenye kichwa kama cha farasi na mkia wa kujishikizia. Pale vilijishikiza kwenye kamba kuukuu zilizozungushiwa nguzo, na watu walitoka mbali kuja kuvitazama. Sasa kampuni inataka kubomoa gati na kujenga hoteli. Tume ikiwakuta wanyama wale, ufuo utahifadhiwa. Isipowakuta, matingatinga yanaingia.

"Nimezama kukagua kabla ya wageni kufika. Zimebaki nguzo tatu tu zenye wanyama, zile za mwisho kabisa."

Simu ya Inspekta ililia. Mkuu wake wa kituo.

"Nataka mwizi kabla tume haijakaa. Tena kimyakimya. Wakubwa hawataki aibu."

"Aibu ya nani, mkuu?"

Simu ilikatwa. Ndivyo walivyo hao. Wapiga mbizi wamelia miaka na miaka hakuna aliyegeuza shingo; leo aibu imekaribia milango yao, ghafla wana haraka.

Inspekta alianza na meneja wa mradi, ambaye ofisi yake ilikuwa kontena lenye kiyoyozi nyuma ya gati.

"Wakikosekana, nani anafaidika?"

"Mimi niwaibe wa nini? Mpango wetu uko wazi. Tunawatoa, tunawapeleka ghuba ya pili, wanaendelea na maisha yao."

"Wao wamekubali?"

"Akina nani?"

"Hao farasi."

Meneja hakucheka. "Wapiga mbizi wetu bado hawajafika, Inspekta. Mimi mwenyewe nikiingia kwenye maji yanayonifika kiunoni nashikwa na kizunguzungu. Tafuta kwingine."

Inspekta alirudi kwenye ngazi. Kocha alikuwa amepandisha kipande cha kamba kutoka nguzo moja. Kilikatwa kwa kisu kikali, mkato mmoja.

"Amekata kamba pamoja na wanyama wake," Kocha alisema. "Hakuwagusa. Mwizi wa kuuza angewachuma kama pilipili."

"Na hili fundo hapa kwenye ncha?"

Kocha alilitazama fundo, kisha akatazama pembeni.

"Kocha, nakuuliza."

"Ncha ikiachwa hivihivi inafumuka, afande. Nyuzi zinaelea, zinamnasa mpiga mbizi. Hapa kwetu kila mtu anafundishwa: ukikata, funga."

"Kwa hiyo mwizi ni wenu."

"Sikutaka kulisema mimi."

Kazi kama ile inakula hewa nyingi, na hewa yote ya ufuo ule ilitoka chumba kimoja. Mwenye chumba walimwita Mama Mitungi. Yeye ndiye aliyewajazia watu mitungi ya kupumulia, na yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kutetea gati. Inspekta alimkuta amekaa kwenye kigoda, kitambaa begani, kompresa yake ya kushindilia hewa imezimwa.

"Pole, mama. Leo umemjazia nani?"

"Hakuna. Mashine sijaiwasha tangu jana."

Inspekta aliweka mkono juu ya mtungi uliokuwa kivulini. Akauondoa, akaurudisha.

"Huu una homa?"

Mama Mitungi aliuvuta mtungi karibu na kigoda chake.

"Nimepiga pampu ya baiskeli tangu utotoni, mama. Hewa ikishindiliwa, chuma kinapata moto. Huu umejazwa leo, ili urudi kuwachukua wale wa nguzo tatu zilizobaki. Kocha amekuwahi."

Mama Mitungi alivua kitambaa begani, akakikunja mara mbili, akakiweka magotini.

"Nenda kaangalie nyuma ya gati, mwanangu. Vigingi vyao vimeshachomekwa, vimepakwa rangi nyekundu. Tume haijaja, vigingi vimeshakuja! Nikajua wamemalizana mezani, sisi tunaitiwa sherehe tu. Nikae nisubiri nyundo zao ziwaue?"

"Ukawapeleka wapi?"

"Ghuba ya pili. Nimewawekea wavu, na kamba zao."

Walikwenda watatu. Kocha alizama akiwa na ndoo, akakaa huko muda. Alipoibuka aliiweka ndoo kwenye mwamba. Walikuwa wamekufa, karibu wote. Mikia bado ilikuwa imezungushwa kwenye kamba.

Mama Mitungi alimtoa mmoja, akamlaza kiganjani kama anayepima joto la mtoto.

"Mkondo wa huku," Kocha alisema taratibu. "Au chakula. Sijui."

"Mama," Inspekta alisema, "una haki ya kunyamaza."

"Nimenyamaza asubuhi nzima, na ona. Nipeleke kwenye tume kwanza."

Amri ilikuwa kimyakimya. Inspekta aliifikiria amri ile, na aliyeitoa. Kisha akamfungulia mama mlango wa mbele wa gari.

Ukumbini, meneja alikuwa akionyesha picha ukutani. Neno "watahamishwa" liliandikwa kwa herufi kubwa. Mama Mitungi alipita katikati ya viti, akaitua ndoo juu ya meza ya tume.

"Mwizi ni mimi," alisema. "Nimewahamisha kama huyu bwana anavyotaka. Nawajua mmoja mmoja. Nimewabeba na kamba zao, mkono wangu haukuwagusa. Na hawa hapa, nimewaua. Sasa muulizeni yeye atawabeba vipi. Wamebaki wa nguzo tatu."

Mwenyekiti wa tume alichungulia ndani ya ndoo. Alichungulia muda mrefu, kisha akamwambia meneja azime mashine ya picha.

Jioni ilitangazwa kuwa gati halibomolewi. Mwenyekiti wa tume akapigwa picha kwenye ngazi za mawe, ameshika bango la kuhifadhi ufuo, mkuu wa kituo akitabasamu ubavuni kwake. Saa hiyo Mama Mitungi alikuwa kituoni, akibonyeza vidole kwenye wino, kimoja kimoja, na Inspekta akimshikia mkono.