Pumzika, Baba

Siku Kavetsa alipofariki, mume wake Shivachi, fundi seremala, alikuwa kazini mtaa wa Laini Saba akipiga randa ubao wa mlango. Jirani alikuja kumwita. Shivachi aliweka randa chini, akafuata.

Baada ya mazishi kijijini Maragoli, binti yao Sella alimchukua baba wakae pamoja kwake, mtaa wa Kawangware. Sella alikuwa amempoteza mama. Aliogopa kumpoteza baba pia. Kwa hivyo alimtunza kwa moyo wake wote. Alimwekea maji ya kuoga mlangoni. Alimpikia nyama na wali, na chai ya sukari nyingi. Baba akiinuka kushika ndoo, Sella aliinyakua.

"Pumzika, baba. Umefanya kazi ya kutosha."

"Nimechoka kukaa, Sella."

"Watu watasema sikutunzi."

Shivachi akakaa. Alikaa kwenye kiti masika yote. Mwanzoni aliwasalimia wapita njia. Baadaye aliitikia tu akisalimiwa. Mwishowe hakuitikia. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyotoka. Jumapili moja alijaribu kusimama, magoti yakakataa, akaanguka kando ya jiko.

Sella alimwita Wagaki, jirani aliyekuwa muuguzi katika zahanati. Wagaki alimpapasa mzee miguu, akampima presha.

"Hajavunjika. Lakini presha iko juu. Mchana huwa anafanya nini?"

"Anapumzika."

"Na mama yako, watu wakikuuliza habari zake, huwa unasemaje?"

"Huwa nasema amepumzika."

"Mimi bado," Shivachi akasema pale chini.

Wagaki alicheka kidogo. Sella hakucheka.

"Umemweka kama vikombe vya wageni," Wagaki akamwambia. "Mzee akikaa kutwa nzima, miguu husahau kazi. Atembee kila siku, hata kidogo. Apate maharagwe na sukuma wiki. Chumvi na sukari punguza. Nitampima presha kila mwezi. Tena apate watu wa kuongea nao na kazi ndogo ya mikono. Mtu akiona hakuna anayemhitaji, hata chakula hakipiti."

"Atarudi alivyokuwa?"

"Hapana, mama. Miezi hiyo imekwenda. Tuzuie mingine isiende hivyo."

Sella alitoka nje akalia. Hakuna mtu aliyekuwa amemtendea baba yake ubaya; yeye alikuwa akimtunza tu.

Kesho yake hakumpelekea maji. Shivachi aliyafuata mwenyewe, akishika ukuta. Siku zilizofuata alifika langoni, akasimama pale akilitaja jina la Kavetsa huku machozi yakimtiririka. Sella alitaka kumrudisha kitini. Alijizuia.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na Okeyo, fundi wa viti. Siku moja alimwona Shivachi langoni, akamwita.

"Mzee, njoo uone hiki kiti. Miguu yake ni mibovu kuliko yako."

Shivachi alivuka polepole. Alikitazama kiti. "Nani alikufundisha?"

"Nilijifundisha."

"Inaonekana."

Jioni hiyo alikula ugali wote, akaomba mboga zaidi. Kisha akaketi akiangalia mlango.

Siku hizi Shivachi huenda kwa Okeyo kila asubuhi isipokuwa Jumapili, akapiga msasa na kubishana na wateja. Hutembea kwa fimbo. Goti la kushoto halikupona. Sella humwacha avuke barabara peke yake.