Suruali Nane za Nining

Nining alikuwa mshonaji katika kijiji cha Cisaat, kwenye milima ya kahawa. Miaka mingi alishona magauni na mapazia. Suruali hakuwahi kushona. Ndipo kikundi cha wakulima wa kahawa kikamletea kitambaa. Walitaka suruali nane na mashati nane, wavivae Jumapili kwenye maonyesho ya kahawa.

Nining alifurahi sana. Alikata suruali zote nane, halafu akashona moja kwanza. Akamwomba mumewe, Komar, aijaribu.

Siku ya Ijumaa Komar aliivaa kwenda msikitini. Alirudi mapema, amejifunga shuka kiunoni.

"Mbona shuka?" Nining akauliza.

"Nimeinama kurukuu, suruali ikapasuka praaa! Na mimi nilikuwa safu ya mbele!"

Nining alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akageuka, akatazama rundo la vitambaa mezani. Suruali saba, zote zimekatwa vilevile.

"Nimeharibu kitambaa cha watu," akasema, na machozi yakamtoka. "Mjomba Odang na wakulima wake nitawaambia nini?"

Wakati huo jirani yao Imas aliingia na sahani ya mihogo ya kukaanga. Imas aliwahi kufanya kazi ya kukata nguo kiwandani mjini Bandung.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Msiba wa suruali," Komar akajibu.

Imas aliigeuza suruali ndani nje. Ilikuwa imepasuka msambani, pale miguu miwili inapokutana.

"Nining, kipande cha mbele na cha nyuma umevikata sawasawa?"

"Ndiyo, dada. Mguu si ni mguu?"

"Mdogo wangu, makalio yako mbele?"

Komar akaangua kicheko. Hata Nining akatabasamu huku akifuta macho.

Imas aliomba suruali kuukuu ya Komar, ile iliyokuwa ikimtosha vizuri. Waliifumua mishono. Imas akalaza kipande cha mbele juu ya kile cha nyuma.

"Tazama mwenyewe. Cha nyuma ni kipana zaidi. Kiunoni kimepanda juu. Na huu mkato wa msambani uliopinda ni mrefu zaidi. Mtu akichuchumaa, nyuma yake inarefuka. Kitambaa kisipotosha, kiuno kinashuka au mshono unapasuka."

"Basi ndiyo nimekwisha," Nining akasema. "Nimeshakata."

"Hujakwisha. Mabaki yako wapi?"

Nining akaleta kapu la vipande vilivyobaki. Imas alikata kipande kidogo chenye pembe nne, umbo la tiara. Akamwonyesha namna ya kukishona msambani, mahali mishono minne inapokutana.

"Hiki kinampa mtu nafasi ya kutanua miguu. Pembeni shona karibu na ukingo, upate upana. Na mkanda wa kiuno ukate mpana zaidi nyuma, ufidie palipopungua. Safari nyingine, kata nyuma kwa kipimo chake."

Nining akashusha pumzi ndefu. "Dada, nilidhani kesho nahama kijiji."

"Na mihogo yangu nani angekula? Haya, mashati je?"

Nining alikuwa ameshona shati moja tu. Komar alilivaa, akainua mikono. Shati zima likapanda, tumbo likaonekana.

"Nilitaka nishushe tundu la mkono, lilegee," Nining akasema.

"Ukilishusha, litamvuta zaidi. Lipandishe likaribie kwapa, ila lisimbane. Upana uweke kwenye mkono wa shati wenyewe. Na mshono wa bega uishie kwenye mfupa wa bega. Hapa umeteremka kama mtoto aliyevaa shati la baba."

Mashati mengine saba yalikuwa hayajakatwa. Nining alichora upya kwenye karatasi, mbele mbali, nyuma mbali. Lile la kwanza akalifumua, akaliongezea kipande cha kitambaa kwapani.

Alishona na Imas usiku kucha, na Jumamosi jioni wakulima walikuja kujaribu nguo. Nining hakuwaacha wasimame tu mbele ya kioo.

"Inueni mikono kama mnachuma kahawa," akawaambia. Wakainua. Mashati yakatulia. "Sasa chuchumaeni."

Wakachuchumaa wote. Nining alifumba macho. Hakusikia kitu ila vicheko.

Mjomba Odang, kiongozi wao, alikuwa mnene kuliko wote. Alibaki amechuchumaa katikati ya chumba.

"Mjomba, umekwama?" Komar akauliza.

"Nani amekwama? Kwa miaka nachuchumaa huku nimeshika kiuno cha suruali. Leo mikono yangu yote miwili iko huru. Nipeni basi kahawa, ninywe hapahapa."

Nining akamletea kikombe. Mjomba Odang akakipokea kwa mikono miwili.