Jeneza la Nchi ya Majini

"Tai, funga mlango."

Sauti ya Mzee Onesmo, mkuu wake kikosini, ilikwaruza kwenye kifaa cha sikioni. Maana yake ilikuwa moja: mateka asivuke Kongowe.

Shamsia Pazi, aliyeitwa Tai redioni, alikanyaga gia. Yamaha ikanguruma, ikalipita lori la saruji kwa upande wa kushoto.

Alikuwa amefura kwa hasira tangu Kwala. Huko, ndani ya kiwanda cha maboya, Mzungu aitwaye Rolf Kessner alikuwa akitengeneza nchi yake ya kuelea baharini. Haina kodi, haina polisi, haina wa kumuuliza. Wiki iliyopita alichoma pasipoti yake mbele ya kamera, akaapa kwamba hana taifa jingine duniani.

Achome anachotaka. Lakini mhandisi wake aligundua kwamba vibarua wangefungiwa humo bila njia ya kurudi, akasema atatoa taarifa. Tangu jana haonekani.

Mhandisi huyo ni Latifu, mdogo wake Shamsia, tumbo moja. Akishavushwa kwenda huko baharini, hakuna sheria itakayomfikia.

Kizuizini Kongowe, askari alikuwa akiipungia mkono Noah nyeupe yenye kitambaa chekundu kwenye kioo, ipite bila kukaguliwa.

"Poleni na msiba. Piteni."

Shamsia akaiziba njia kwa pikipiki.

"Dada, tupishe," dereva alisema. "Tunamuwahisha Mzee Abdulwahab, anazikwa Kisarawe."

"Mungu amrehemu. Fungua nyuma."

Sanduku la mninga. Vanishi, vishikio vya dhahabu, maua ya plastiki. Skrubu pande zote.

Shamsia alikulia Kisarawe. Damu ikampanda kichwani.

"Kwetu Mwislamu anashushwa kaburini na sanda yake, jeneza linarudi msikitini. Hili mmelikaza skrubu ili iweje?"

Dereva akageukia kiti cha nyuma. "Mzungu alichagua mwenyewe."

Mzungu huyo, Rolf mwenyewe, alikuwa kwenye kiti hicho, ndani ya kanzu mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Mkono wake ukaingia mfukoni.

Bastola ya Shamsia, Glock, ilikuwa imeshafika kwenye paji la uso wake.

"Utoe. Taratibu."

Bastola ya Rolf ikadondoka sakafuni. Askari akaleta bisibisi. Kifuniko kiliponyanyuliwa, Latifu alikuwa ndani, kalegezwa kwa dawa, midomo imemkauka. Chini ya sanduku walikuwa wametoboa matundu ya hewa.

"Dada," alinong'ona.

Kidole cha Shamsia kikakaza kwenye triga. Alitaka kumuua mtu yule. Alitaka kweli, na kwa muda mfupi hakuona sababu ya kutofanya hivyo.

"Tai?" Mzee Onesmo aliita. "Tai, nijibu."

Akashusha pumzi.

"Mlango umefungwa, mzee."

Pingu zikalia. Rolf akakohoa, akajikaza kiume.

"Huna haki ya kunigusa. Nataka ubalozi wangu."

Shamsia alirudisha Glock kiunoni.

"Wa nchi gani?"

 

Shamsia akamgeuzia mgongo, akaenda kumtafutia mdogo wake maji ya kunywa.