Masikio ya Baba

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, kazi yangu ilikuwa kufuta pini. Baba alikuwa dereva wa trekta dogo. Kazi yake ilikuwa kuchimba mitaro ya mabomba, mashimo ya vyoo na misingi ya nyumba. Nyuma ya trekta ulifungwa mkono mrefu wa chuma wenye ndoo ya meno, nasi tuliuita kijiko. Trekta likienda kuvuta tela, kijiko hufunguliwa na kuachwa kimesimama chini kwa miguu yake miwili. Siku ya kuchimba hufungwa tena kwa pini mbili nene kama mpini wa jembe. Pini hizo ndizo nilizozifuta kwa kitambaa na kuzipaka grisi, hadi mkate wangu wa asubuhi ukanuka grisi.

"Injinia, umeamka?" Ndivyo baba mdogo alivyonisalimu kila alipoingia uani. Yeye alikuwa fundi wa mashine, mdogo wake baba, na mdomo wake haukujua kupumzika. "Leo umezipaka grisi pini au umejipaka wewe? Mbona pua inang'aa?"

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila jambo moja alilirudia mpaka tukachoka.

"Maneno yetu ni matatu," alikuwa akiniambia. "Ukisema 'njoo', nalileta trekta kwenye kijiko. Ukisema 'nenda', naliondoa. Ukisema 'simama', nasimama. Neno 'rudi' sitaki kulisikia. Ukiniambia rudi, nirudi kinyumenyume, au nirudi nilikotoka? Na mtu yuko katikati ya vyuma viwili hapo! Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba niliweza kumwigiza, pamoja na kile kikohozi chake cha kusafisha koo. Baba mdogo alicheka mpaka akajishika mbavu.

Jumamosi moja tulikwenda kuchimba mtaro wa bomba la maji la zahanati. Tulipofika tulikuta lori limekishusha kijiko mahali pabaya, kwenye mteremko wenye mashimo na vichuguu. Mguu mmoja ulikuwa juu ya kichuguu, mwingine ndani ya kishimo, na kijiko chenyewe kimekaa upande. Baba akakitazama, akatikisa kichwa.

"Hapa hapafai. Tukivute kwanza mpaka pale tambarare."

"Aa, kaka, pale ni mbali, na mawingu yale unayaona," baba mdogo akasema. "Nitaweka ubao chini ya mguu huu. Dakika tano tu tumemaliza."

Baba akasitasita, kisha akakubali.

Mimi nilisimama pembeni, upande wa juu, hatua tano kutoka kwenye mashine, mahali ambapo baba angeniona akigeuza shingo. Baba mdogo alipiga magoti karibu na kijiko.

"Njoo," nikasema. Trekta likaja polepole, kinyumenyume. "Njoo. Njoo. Simama!"

Tundu la kulia la kijiko lilikutana sawasawa na la trekta, na pini ikaingia. La kushoto halikukutana, kwa sababu ya ule mteremko. Lilikuwa chini kwa upana wa vidole vinne. Baba mdogo akasukuma ubao chini ya mguu wa kijiko, kisha akapenyeza mkono wa kulia katikati ya vyuma ili apapase tundu. Hapo ndipo udongo ulipobonyea. Ubao ukateleza na kijiko kikaegemea trekta.

"Mkono! Mkono wangu!" baba mdogo akapiga kelele.

Niliona kila kitu. Niliona kwamba trekta lazima liende mbele, liondoke pale. Neno lilikuwa "nenda". Nililijua kama ninavyojua jina langu. Lakini moyo ulinilipuka, na kilichonitoka kikawa kingine.

"Rudi! Baba, rudi!"

Nilimaanisha arudi alikotoka. Baba, huku injini ikinguruma, alifanya kile ambacho dereva yeyote hufanya akiambiwa rudi. Alirudi nyuma. Ilikuwa kama upana wa kiganja tu. Kilio cha baba mdogo sitakieleza.

Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mama alitukuta kwenye korido, amekuja mbio, hata kandambili zake hazikufanana.

"Imekuwaje?" akauliza.

"Nilisikia 'rudi'," baba akasema kwa sauti iliyokauka. Shati lake lilikuwa na damu. Akanigeukia, wala hakunifokea. "Mwanangu, ulisema nini pale?"

Wote wakanitazama. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sijawahi kuogopa vile.

"Nilisema simama," nikajibu.

Baba alinitazama kidogo, kisha akamwambia mama, "Basi mimi ndiye niliyesikia vibaya. Mtoto huyu hasemi uongo."

Jamani, afadhali angenipiga.

Habari zilimfikia baba mdogo kitandani. "Kwa hiyo aliambiwa asimame, bado akanikandamiza?" akasema, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hakutaka kumwona kaka yake. Baba mdogo aliporuhusiwa kurudi nyumbani, baba alimfuata mara mbili na mfuko wa matunda. Mara zote mbili mke wa baba mdogo alitujibu mlangoni kwamba mumewe amelala, na huku nyuma tulimsikia akikohoa.

Nyumbani baba akawa mtu wa kuuliza. "Umesema nini?" "Hebu rudia." Aliongeza sauti ya redio, akaipunguza, akaiongeza tena, akijipima. Trekta hakuligusa. Kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva.

"Mbona nikinong'ona kwamba chai iko tayari unasikia haraka?" mama alijaribu kumtania. Baba hakucheka. Mimi nilisingizia kuumwa kichwa, nikaondoka mezani. Kila usiku nilijiambia kesho nitasema, na kila asubuhi ulimi ulikuwa mzito.

Wiki ya sita baba alikwenda kwa daktari wa masikio. Alirudi saa sita mchana, nikiwa uani naosha vyombo.

"Daktari amesemaje?" mama akauliza.

"Masikio ni mazima. Anasema nasikia kuliko hata vijana."

"Si afadhali!" mama akapiga makofi.

"Afadhali gani? Kama masikio ni mazima, basi kichwa ndicho kinachoharibika. Nilisikia neno ambalo halikusemwa. Mtu wa namna hiyo hafai kukaa kwenye trekta. Kuna dereva mmoja wa tela anayetaka kulinunua, nimemwambia aje alichukue jioni."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa mikono, akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata tulipomzika bibi.

Niliacha vyombo. Mikono yangu ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko.

"Baba, kichwa chako ni kizima," nikasema. "Nilisema rudi."

Alishusha mikono. "Hebu rudia."

Safari hii nilijua kwamba amenisikia. "Nilisema rudi. Nilitaka uende mbele, neno likanitoka vibaya. Halafu kule hospitali nikaogopa, nikasema nilisema simama. Nilidanganya, baba."

"Mungu wangu," mama akasema, akakaa chini.

"Siku zote hizi?" baba akauliza. "Hata ulipokuwa ukiniona nahangaika na redio?"

"Ndiyo, baba."

Hakunipiga. Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Vaa viatu. Twende kwa baba yako mdogo. Utamwambia wewe mwenyewe."

Tulimkuta barazani, anajaribu kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Alipomwona baba aliinuka ili aingie ndani.

"Mdogo wangu, usinisikilize mimi," baba akasema. "Msikilize mtoto."

Nilisema yote nikiwa nimesimama, tangu ule ubao hadi kwenye korido. Nilipomaliza, baba mdogo alitazama bandeji yake, kisha akamtazama kaka yake.

"Kwa hiyo ulifanya ulichoambiwa."

"Nilifanya nilichoambiwa."

"Nami nikakufungia mlango! Kaka, nikakufungia mlango!" Akamkumbatia, wakalia wote wawili bila kujali majirani. Mimi nilibaki nimesimama uani, na siku hiyo hakuna aliyeniita Injinia.

Baadaye baba mdogo akaniita nikae karibu naye.

"Kwa vidole hivi sikulaumu," akasema. "Ubao niliuweka mimi, na haraka ilikuwa yangu. Wewe ulishtuka, neno likakuponyoka. Hilo ni kosa, na makosa hutokea kazini. Lakini kule hospitali hakuna kilichokuponyoka. Kule ulichagua. Ungesema kweli siku ile, kosa lingeishia kwenye mkono wangu. Ulipolificha, likaenda kumtafuna baba yako, mtu aliyekuamini kuliko masikio yake mwenyewe."

"Nisamehe, baba mdogo."

"Nimekusamehe. Ila usidhani mambo yameisha leo."

Dereva wa tela alirudishwa mikono mitupu, na Jumamosi iliyofuata tulikwenda kuuchimba ule mtaro wa zahanati. Tulikivuta kijiko hadi kwenye tambarare, wala hakuna aliyetaja dakika tano. Baba alipanda trekta, na mimi nikasimama mahali pangu. Maneno yalikuwa yale matatu tu. Mashine zilipogusana, baba mdogo aliingiza pini kwa mkono wa kushoto, polepole, huku akiuma mdomo.

"Pini zimeingia zote?" baba akaniuliza.

"Zote mbili, baba, na zimefungwa."

Zamani angeanza kazi palepale. Siku hiyo alizima injini, akashuka, akazunguka nyuma na kugusa pini moja, kisha nyingine, kwa mkono wake mwenyewe. Hakunitazama. Machozi yakanitoka.

"Mwache akague," baba mdogo akaniambia kwa sauti ya chini. "Usimwombe akuamini. Wewe mwambie kweli kila siku, hata ya jambo dogo, hata kama inakuaibisha. Kukuamini kutakuja, lakini kutachukua muda mrefu kuliko ule uliochukuliwa na uongo wako."

Baba akapanda tena, akawasha injini. Siku hiyo alishuka kukagua mara nne, na mara zote nne nilikuwa nimemwambia kweli.